Simu ya Baba Mdogo

Msomi wa chuo akifika kijijini, yeye ndiye fundi simu wa ukoo mzima. Ukisema unasoma sosholojia, hakuna anayekusikia.

Likizo ya 2024 nilikuwa nyumbani Kituntu. Jioni moja baba mdogo akaja na simu yake. Kahawa ilishapelekwa chama cha msingi, malipo bado, na vibarua walikuwa wanamdai. Rafiki yake wa Omurushaka alikuwa amemtumia faili la apu ya mikopo kwenye WhatsApp.

"Mwanangu, hebu niwekee hii."

Simu ikauliza kama naruhusu programu kutoka chanzo kisichojulikana. Nikaruhusu. Ikaomba kusoma majina na namba zote. Nikaruhusu pia, nikarudi kwenye mpira.

Aliomba elfu thelathini, wakakata ada kabla hajazishika. Siku ya nane, alipochelewa kurejesha, meseji zikaanza kuingia kwa watu: kwa mama, kwa katekista, kwa baba mkwe wake, zikimwita tapeli. Baba mkwe jamani! Mtu ambaye mbele yake hata kukohoa unajipanga.

Novemba mwaka huohuo Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo mtandaoni zisizo na leseni. Niliisoma yote hosteli, usiku, kwa aibu. Google nao tangu 2023 walizikataza apu za mikopo za Play Store kuchukua namba na picha za mteja. Sasa anayezitaka namba zako atafanyaje? Atakupa faili pembeni.

Wana kompyuta watasema shusha kwenye tovuti rasmi. Sawa, ila Februari 2016 tovuti ya Linux Mint yenyewe ilidukuliwa, na kuna waliobofya hapo wakapewa faili lenye mlango wa wezi. Lakini kwangu haikufika huko. Baba mdogo hakuiamini ile apu. Aliniamini mimi.

Kabla sijarudi chuo nilimsindikiza kwa mkwe kueleza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akanigeukia:

"Wewe unayesoma, hukuyasoma maneno yake kabla ya kubonyeza?"

Nikaomba radhi. Akanyamaza kidogo, kisha akatoa simu yake mfukoni, akataka niikague.