Chupa na Mwenye Kupewa

Katika Scotland, usiku wa tarehe 31 Disemba una jina lake wenyewe, Hogmanay, na una adabu zake. Saa sita ya usiku ikishapiga, watu husubiri kumwona nani atakuwa wa kwanza kuvuka kizingiti cha nyumba. Imani ya wazee ni kwamba mguu huo wa kwanza ndio unaoingiza heri au shari ya mwaka mzima. Anayetakiwa ni mwanamume mrefu mwenye nywele nyeusi. Mwenye nywele za rangi ya dhahabu hakupendwa, na husimuliwa kuwa sababu yake ni kumbukumbu ya maharamia wa Kaskazini waliokuwa wakizivamia pwani zao zamani. Mkono mtupu haulambwi, na mgeni huyo hulijua hilo. Huchukua kaa la mawe ili moto wa nyumba usizimike, chumvi, biskuti nene za siagi au keki nyeusi ya matunda makavu ili chakula kisikosekane, na chupa ya wiski kwa ajili ya bashasha. Watu waliozoea kusema "mgeni njoo, mwenyeji apone" wangeielewa mila hii bila ya mkalimani.

Kwa karne nyingi usiku huo ulikuwa na nguvu kuliko Krismasi. Kanisa la Kiprotestanti lililoshika hatamu za nchi hiyo baada ya mwaka 1560 liliitazama Krismasi kwa jicho la shaka, na ni mwaka 1958 tu ndipo siku hiyo ilipofanywa sikukuu rasmi ya mapumziko. Furaha ya majira ya baridi ikahamia katika kuuaga mwaka; hata leo tarehe 2 Januari ni siku ya mapumziko huko. Siku hizi zawadi hutolewa katika sikukuu zote mbili, na chupa ya wiski ni miongoni mwa zile zinazokimbiliwa mno. Huonekana kuwa zawadi nyepesi: haina kipimo cha mguu kama kiatu, wala haiozi kama tunda. Kwa wepesi huo hununuliwa kwa haraka, na kwa haraka hiyo mara nyingi humfikia asiyestahiki kupewa.

Jina lenyewe lina hadithi inayofaa masikio ya wapenda maneno. Kwa Kilatini, kinywaji kilichokenekwa kiliitwa aqua vitae, maji ya uhai. Wasemaji wa Kigaeli, lugha ya kale ya nyanda za juu na visiwa vya Scotland, walilitafsiri jina hilo neno kwa neno: uisge beatha. Wasemaji wa Kiingereza wakalisikia, wakalikata, wakabaki na sehemu ya kwanza, ambayo katika vinywa vyao ikawa whisky. Kwa hiyo anayetaja wiski leo, kwa asili ya neno, anasema "maji" basi. Uhai ulidondoka njiani, baina ya lugha na lugha. Andiko la kale linalotajwa zaidi katika habari hizi ni la hesabu za serikali ya Mfalme James IV, la mwaka 1494, ambamo mtawa John Cor amepewa vipimo vinane vya kimea ili atengeneze hayo maji ya uhai.

Chombo kilichoyatoa maji hayo nacho kilisafiri. Neno alembic, ambalo lugha za Ulaya hulitumia kwa chungu cha kukenekea, limetoka katika Kiarabu, al-anbiq, na Waarabu nao walilipokea kwa Wayunani. Katika karne ya 9 al-Kindi aliandika kitabu juu ya manukato na namna ya kuyakeneka. Mvuke hupanda, hupoa, na hudondoka tone baada ya tone. Ndivyo wakulima wa Jabal al-Akhdar, huko Oman, wanavyopata maji ya waridi, ndugu wa marashi yanayonyunyizwa kwa mrashi katika harusi za mwambao. Waskoti walitia shayiri mahali pa waridi. Msomaji ambaye kinywaji hiki ni haramu kwake hayuko mbali, basi, na ufundi wa chungu hicho. Na ufundi wa kumchagulia mtu zawadi ni wa watu wote, wanywao na wasiokunywa.

Mwenye kusimama mbele ya rafu huanza kwa kusoma lebo, na lebo husema mengi. Ili iitwe Scotch, wiski lazima ikenekwe na ikomazwe nchini Scotland, ndani ya mapipa ya mwaloni, kwa muda usiopungua miaka 3, na itiwe chupani ikiwa na kileo kisichopungua asilimia 40. Kanuni za mwaka 2009 zimeigawa katika aina 5. Inayotajwa kwa heshima zaidi ni ile iliyotokana na kimea cha shayiri peke yake katika kiwanda kimoja. Inayouzwa kwa wingi zaidi duniani ni ya mchanganyiko, ambayo fundi wake huoanisha wiski za kimea na za nafaka nyingine kutoka viwanda mbalimbali. Wapo wanaoidharau hii ya pili, kana kwamba kuoanisha si ufundi. Watunzi wa mashairi, ambao kazi yao ni kuoanisha, wasingeingia upesi katika dharau hiyo.

Kisha ipo nambari: 10, 12, 18. Huo ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo katika chupa, si wa ile kongwe. Umri husimama siku chupa inapozibwa; chupa ya miaka 12 ikikaa kabatini miaka 20, ni ya miaka 12 bado. Wala umri si daraja la ubora. Ndani ya pipa, wiski hupungua kwa mvuke, takriban asilimia 2 kila mwaka, na Waskoti huliita pungufu hilo fungu la malaika. Wakati huohuo pipa huendelea kutoa ladha yake, na wiski ikiachwa humo kupita kiasi, mti huishinda shayiri. Afuataye nambari kubwa hununua miaka na sifa, na hulipa sana. Lakini huenda anayepewa anapenda ujana wa shayiri kuliko ukongwe wa mti.

Ladha nayo ina nchi yake. Sheria ya Marekani inataka bourbon ikomazwe katika vyombo vipya vya mwaloni vilivyounguzwa kwa ndani. Mapipa hayo yakishatumika huuzwa, na mengi huishia Scotland, ambako huipa wiski harufu ya vanila na asali. Mapipa yaliyokaa mvinyo wa sherry wa Jerez, Uhispania, huipa ladha ya zabibu kavu na viungo. Bonde la mto Spey, lenye viwanda vingi, husifika kwa wiski laini yenye harufu ya matunda. Kisiwani Islay mambo ni mengine. Huko miti ni haba, na wakazi tangu kale walichimba udongo mweusi wa kinamasi, uliotokana na mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka, wakaukausha na kuuwasha kama kuni. Moshi wake ukipita katika kimea kinachokaushwa, huingia ndani na kukaa humo. Laphroaig, Lagavulin na Ardbeg, viwanda vitatu vinavyofuatana pwani ya kusini karibu na Port Ellen, hutoa wiski inayonukia moshi, bahari na dawa ya hospitali. Yupo anayeinusa akafumba macho kwa raha, na yupo anayeirudisha mezani bila ya kuionja. Aliyewahi kumchagulia mtu udi anajua: moshi ni mmoja, pua ni mbili.

Hayo yote lebo huyasema au huyadokeza. Ila jina la mwenye kupewa halimo, na hapo ndipo kazi ya mtoaji inapoanza.

Mwanamke mmoja, mwalimu wa shule ya msingi mjini Glasgow, aliingia katika duka la wiski siku tatu kabla ya Hogmanay akiwa na majina matatu kichwani. La kwanza lilikuwa la jirani yake, mzee aliyezaliwa Islay, aliyehamia mjini angali kijana ili kuunda meli kando ya mto Clyde, na ambaye kisiwani hakurudi tena ila kwa mazishi. Muuzaji, kijana mwenye adabu, alinyoosha mkono kwenye chupa ya miaka 18 kutoka bonde la Spey, nzuri na ghali. Mwanamke alitikisa kichwa. Alichukua ya miaka 10 kutoka pwani ya kusini ya Islay, ya bei ya nusu yake. Mzee yule hakuhitaji kuonyeshwa heshima kwa bei. Alihitaji moshi wa jiko la mamake.

Jina la pili lilikuwa la mume wa dada yake, mtu asiyejua wiski na anayeona haya kusema hajui. Huyo alichukuliwa ya mchanganyiko, laini, isiyo na moshi mwingi, na mwanamke akaandika kwenye kadi mambo mawili ambayo hakuna aliyewahi kumwambia: kwamba kutia matone ya maji katika glasi si aibu, bali hufungua harufu; na kwamba chupa hii husimamishwa, hailazwi kama ya mvinyo, kwa kuwa kileo kikali hukila kizibo. Zawadi yake ilikuwa katika kadi zaidi ya katika chupa.

Jina la tatu lilikuwa la babake. Kwa miaka mingi alimnunulia chupa ileile ya sikukuu, na baba aliipokea kwa furaha ileile. Lakini sasa ulikuwa mwaka wa nne tangu baba aache kunywa, baada ya ini kuugua na nyumba kukaribia kuvunjika. Ndugu walishauri chupa ipelekwe hivyohivyo, "kwa ajili ya wageni," kwani Hogmanay bila ya chupa mezani wataisemaje watu? Ushauri wa namna hiyo hutolewa kwa nia njema katika nyumba nyingi. Na Scotland ni nchi ambamo, katika mwaka wa 2023 peke yake, watu 1,277 walifariki kwa maradhi na madhara yaliyosababishwa na kileo moja kwa moja. Serikali yake iliona haja ya kuweka bei ya chini ambayo kileo hakiruhusiwi kuuzwa chini yake, sheria iliyoanza kutumika Mei 2018.

Muuzaji aliuliza huyu wa tatu anapenda nini. Mwanamke alijibu, "Anapenda kuamka asubuhi akiikumbuka jana yake." Kijana aliushusha mkono wake kutoka kwenye rafu, asiseme neno. Alimfungia zile chupa mbili, akamwelekeza duka la mtaa wa pili wanakouza biskuti za siagi.

Robert Burns, mshairi mkubwa wa nchi hiyo, angeuelewa ukimya wa muuzaji yule, kwani aliijua chupa kwa pande zote mbili. Katika diwani yake ya kwanza, iliyochapishwa Kilmarnock mwaka 1786, mna shairi zima la kukisifu kinywaji cha nchi yake. Miaka mitatu baadaye, akiwa na watoto wa kulisha na shamba lisilolipa, alianza kazi ya ofisa wa ushuru: kupanda farasi kutwa, kupima mapipa, kuwasaka wanaokeneka kwa siri. Aliyekiimbia sifa akawa mwenye kukipima. Wimbo wa Auld Lang Syne, alioupeleka kwa mchapishaji mwaka 1788 akisema ni wa kale, huimbwa hadi leo usiku wa Hogmanay, watu wakiwa wameshikana mikono. Wimbo huo unawahusu marafiki wa tangu utotoni; kinywaji kimo kama shahidi wa urafiki wao, na shahidi hatangulizwi mbele ya jambo analolishuhudia.

Mila ya mguu wa kwanza haikuwa kamwe ya chupa peke yake. Kaa la mawe lilikuwemo, chumvi ilikuwemo, na keki ilikuwemo, na kila kimoja kilikuwa na dua yake. Nyumba nyingi za mijini sasa hazina meko ya makaa, kwa hiyo kipande kimoja huwekwa juu ya rafu kama ishara. Hakina lebo wala umri, wala hakuna anayekionea fahari. Katika nyumba ya mtu aliyeacha kunywa, hicho ndicho kinachosema kwamba aliyekileta anamjua mwenye nyumba alivyo leo, si alivyokuwa zamani. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Moyo huo nao una kazi kabla ya kutoa: kumtazama mtu sawasawa, kisha ndipo kuitazama rafu.