Mgongo wa Kadi: Kutoka Tangini Hadi Stesheni ya Ruvu

Kata ya Tangini imo ndani ya Mji wa Kibaha, mkoani Pwani, mahali ambapo Barabara ya Morogoro haipumziki usiku wala mchana. Mgeni apitaye hapa huona mabasi, malori na bodaboda, asijue kwamba upande wa kusini imelala njia nyingine, kongwe kuliko lami. Hiyo ni Reli ya Kati, itokayo Dar es Salaam, ikavipanda vilima vya Pugu vinavyopakana na Kisarawe, ikapita Soga na Ruvu, kisha ikashika uelekeo wa Morogoro.

Jina la Tangini humkumbusha msikiaji tangi la maji, na maji ndiyo yaliyokuwa uhai wa treni za zamani. Injini ya mvuke ilikuwa na birika kubwa la chuma. Moto ulichochewa, maji yakachemka, mvuke ukasukuma vyuma na magurudumu yakazunguka. Kila baada ya mwendo fulani ilibidi treni isimame inyweshwe, na kwa sababu hiyo tangi lililoinuliwa juu ya nguzo lilikuwa alama ya stesheni, kama mnara ulivyo alama ya msikiti.

Safari yetu ya wiki hii ilianzia Tangini, ikapita Mlandizi, ikaishia Ruvu Stesheni. Mkononi tulikuwa na nakala za postikadi za kale za reli, zile ambazo Wazungu walizinunua mijini na kuwapelekea jamaa zao ng'ambo. Tulitaka kuzitazama kadi hizo penye reli yenyewe, na kujiuliza zimetuhifadhia nini na zimetunyima nini.

Reli ya kwanza ya bara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893. Ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1905, mikononi mwa kampuni ya Kijerumani ya Philipp Holzmann. Mwishoni mwa 1907 ilikuwa imefika Morogoro, mwaka 1912 ikafika Tabora, na mwanzoni mwa 1914 ikagusa Kigoma. Miaka hiyohiyo biashara ya postikadi ilikuwa imepamba moto duniani kote. Wapiga picha waliweka maduka Dar es Salaam na Unguja, wakapiga picha za bandari, masoko, madaraja na stesheni, kisha wakazichapa kwa mamia.

Familia iliyobahatika kuwa na kadi ya namna hii ndani ya sanduku la bibi inaweza kuikadiria umri bila kumwita mtaalamu. Kwanza itazame stempu. Stempu za Wajerumani zenye neno “pesa” ni za kabla ya mabadiliko ya sarafu ya mwaka 1905. Baada ya hapo zikaandikwa “heller”. Zenye herufi G.E.A. ni za wakati Waingereza walipokuwa wameiteka nchi, na zenye kichwa cha twiga na jina Tanganyika zilianza mwaka 1922. Kisha igeuze kadi. Kadi za mwanzo kabisa ziliacha upande mmoja mzima kwa anwani tu, na mwandishi alilazimika kubana salamu zake pembezoni mwa picha. Uingereza iliruhusu mgongo wa kadi ugawanywe kwa mstari, salamu huku na anwani huku, mwaka 1902, na Ujerumani ikafuata mwaka 1905.

Hayo ndiyo ambayo kadi husema kwa hiari. Yapo isiyoyasema. Juu ya kadi hizi mara nyingi huchapwa jina la mji na jina la mchapishaji. Mbele ya injini wamesimama wanaume, mmoja ana kofia, mwingine koleo, wengine wamejitwika mizigo. Hao hawana majina. Kilima kilichimbwa, tuta likajazwa, mataruma yakalazwa kwa mikono ya babu zetu, wengine wakifanya kazi ile kwa ujira mdogo na wengine kwa kushurutishwa. Aliyewapiga picha aliwaona kuwa sehemu ya mandhari. Leo picha nyingi za zama hizo zimehifadhiwa vizuri Ujerumani, zikiwemo zile za mkusanyiko wa picha za kikoloni ulioko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt. Karatasi imetunzwa, lakini watu waliomo ndani yake wamebaki bila majina.

Ruvu ni mahali pazuri pa kulitafakari jambo hili, kwa kuwa hapa reli hugawanyika. Mwaka 1963, nchi ikiwa changa katika uhuru, ilifunguliwa njia ya kuunganisha Ruvu na Mnyusi, na kwa mara ya kwanza Reli ya Kati ikashikana mkono na reli ya Tanga. Hiyo ndiyo njia iliyorejesha treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi mwezi Desemba 2019 baada ya ukimya wa miaka mingi. Katika ukanda huuhuu sasa inapita reli ya kisasa ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024. Mtoto wa Kibaha anayeikua nayo hatajua harufu ya moshi wa treni, na hatuna sababu ya kumsikitikia, kwa sababu moshi ule uliwachosha waliouvuta. Lakini ana haki ya kujua aliyeuvuta ni nani.

Na injini zenyewe ziko wapi? Nyingi zilikatwa zikawa vyuma chakavu. Anayetaka kuona baadhi ya zilizosalia anaweza kwenda Nairobi, kwenye Jumba la Makumbusho la Reli lililofunguliwa mwaka 1971. Huko zimesimama injini za jamii ya Garratt, muundo wenye birika katikati na seti mbili za magurudumu, mbele na nyuma. Zile za daraja la 59 zilijengwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950, zikiwa 34 kwa jumla, kila moja na uzito wa tani zipatazo 252. Hakuna injini za mvuke za reli ya mita moja zilizozizidi nguvu duniani.

Kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Iliyoitwa kwa jina la Kilimanjaro haipo tena, wala ile ya Mlima Kenya. Zimesalia mbili tu, nazo ni Gelai na Shengena. Gelai ni mlima wa kaskazini mwa Tanzania, na Shengena ni kilele cha milima ya Upare. Jumba hilohilo lina injini nyingine iitwayo Nyaturu, jina la watu wa Singida. Hivyo majina ya kwetu yametunzwa kwa jirani, nasi tunapaswa kumshukuru jirani huyo. Utunzaji wa chuma una gharama: kutu lazima ikwanguliwe, birika lipimwe kabla ya kuwashwa, na mafundi wanaojua kazi hiyo wanazidi kupungua.

Kumbukumbu za namna hii zipo pia karibu na nyoyo za wasomaji wetu. Unguja ilikuwa na treni yake, iliyoanza mwaka 1905 na kwenda Bububu, mwendo wa maili saba hivi. Postikadi za wakati huo zinaionesha ikipenya kando ya nyumba, watoto wakiitazama. Reli ile iling'olewa zamani, na lau si kadi, wengi wetu tungedhani ni hadithi. Nako Hijazi, Sultani Abdulhamid wa Pili aliagiza reli kutoka Damascus hadi Madina, iliyofika mji huo mtukufu mwaka 1908. Sehemu ya gharama ilitokana na michango ya Waislamu wa nchi mbalimbali, wengi wao wakitoa walichonacho ili mahujaji wapunguziwe mashaka ya jangwani. Vita vya 1914 hadi 1918 viliiharibu, lakini stesheni yake ya Madina imehifadhiwa, na injini zimo. Anayejaaliwa Hija au Umra anaweza kuifikia kwa miguu kutoka Msikiti wa Mtume.

Serikali inaweza kuhifadhi stesheni, na makumbusho yanaweza kuhifadhi injini. Jina la mchochea moto, la mshika bendera, la mama aliyeuza chai na maandazi kwenye madirisha ya mabehewa, halina mtunzaji mwingine ila familia. Hiyo ni amana, na muda wake ni mfupi, maana waliofanya kazi katika zama za mvuke sasa ni wazee sana, na kila janaza ya mmoja wao hufunga ukurasa ambao hautafunguliwa tena.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi jambo dogo. Wiki hii, baada ya Ijumaa, itoeni albamu ya nyumbani. Tafuteni picha yoyote yenye reli, stesheni au sare ya kazi. Mpelekeeni babu au shangazi anayewatambua waliomo, na mtoto aandike mgongoni, kwa penseli laini ili karatasi isiumie, majina kamili, mahali na mwaka. Wapiga picha wa kale waliuacha upande huo mtupu. Kuujaza ni kazi yetu, maadamu wanaojua majina hayo wangali hai.