Wa Kukushika

Ukiingia Soko la Burma kutoka Jogoo Road, kila kibanda kinakuita kwa maneno yale yale: "Kastoma, karibu! Kilo ngapi?" Lakini nyama yako itakatwa na yule aliyesimama penye gogo. Wengine wana visu na nguvu kama yeye. Hawako penye gogo, basi.

Nilisoma baiokemia mihula mitatu, karo ikanishinda. Kitu nilichotoka nacho chuoni ni AKAP, protini za kutia nanga. Ukishtuka, adrenalini inabisha hodi nje ya seli ya moyo. Ndani kunatengenezwa saikliki AMP, ujumbe unaosambaa na kuamsha kimeng'enya kiitwacho PKA. Kazi ya PKA ni kubandika fosfati kwenye protini nyingine ili zibadilishe mwendo. Shida ni kwamba protini inazoweza kubandika ni nyingi mno. AKAP ndiyo huifunga penye kazi.

Moja inaitwa Yotiao, jina la mkate mrefu wa kukaanga wa Kichina, binamu wa mandazi. Hii huishika PKA kando ya mlango unaotoa potasiamu, ili moyo ukienda mbio kila seli iwahi kujiandaa kwa pigo linalofuata. Hapo hapo huishika PP1, inayobandua fosfati. Kuwasha na kuzima, kibanda kimoja.

Kuna watu wachache wanaozaliwa na badiliko dogo la jeni linalolegeza kamba hiyo. Adrenalini ipo, PKA ipo, ila mlango haupati ujumbe sawasawa. Mtu anaweza kuzimia akikimbia, hata kufa.

Ndiyo maana hunikera vijana wa Shauri Moyo na Kaloleni wakiambiwa "jitumeni". Adrenalini tunayo. Ujumbe tumeusikia redioni, kanisani, kwenye kampeni. Nani ametushika penye kazi?

Mimi nilishikwa na shangazi. Baada ya kuniona nimekaa nyumbani miezi mitatu, alinipa daftari la madeni la kibanda chake cha matumbo hapo Burma. Asubuhi naandika madeni, mchana makala. Ikifika saa kumi ananipokonya kalamu: "Wee, wacha sasa, enda ukule."

Ndugu yangu mdogo amemaliza kidato cha nne. Ananishinda akili, na asubuhi huamka kabla yangu. Kibanda cha shangazi kinatosha mtu mmoja.