Njia za Ugogo na Urefu wa Pikapu

Wazee wa Kigogo husimulia kwamba jina la Dodoma lilitokana na neno "idodomya", maana yake imezama. Aliyezama, wanasema, ni tembo aliyekwenda kunywa maji akanaswa na tope. Sisi akina mama tunaokwenda vijijini kwa kliniki ya watoto tunalielewa jina hilo vizuri. Ni kweli lami imesogea mbali. Inakwenda Singida, inakwenda Iringa, na tangu mwaka 2018 inafika Babati kwa kupitia Kondoa. Hata hivyo mama anayeshikwa na uchungu usiku wa manane mara nyingi haishi kando ya lami. Anaishi kule ambako gari huiacha lami na kuanza kutafuta njia.

Kwa safari hizo tunatumia pikapu ya kanisa, Toyota Hilux ya magurudumu manne, iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika. Springi zake zilikuwa zimelala na tumbo lake lilikuwa likikwaruza kila tuta. Kamati ilipokubaliana kununua seti mpya ya springi na shokapu za kuinyanyua, wanaume walichangamka. Mmoja alitaka inchi 4, yaani sentimita 10, na matairi makubwa juu yake. Sisi wanawake wanne, ambao ndio tunaokaa nyuma na wagonjwa, tuliomba kwanza tuzitazame njia zenyewe, maana hazifanani.

Tuanze na magharibi, upande wa Bahi. Hapa pana mbuga tambarare inayolimwa mpunga. Wakati wa kiangazi udongo wake mweusi hupasuka nyufa za kumeza mguu wa mtoto. Mvua zikianza, kwa kawaida mwezi wa Desemba, udongo huo hunata kama ugali wa mtama kwenye sufuria. Gari hapa huzama mpaka difu ikalie tope, na hapo ndipo tulipojifunza jambo ambalo wengi hawalijui: seti ya kunyanyua haiinui difu ya nyuma hata kidogo. Inainua bodi na chasisi. Ekseli ya nyuma inabaki pale pale, kwa sababu imeshikwa na magurudumu. Kinachoinua difu hiyo ni tairi kubwa zaidi, nalo hutoa nusu tu ya ukubwa ulioongezeka. Tairi lililozidi sentimita 5 kwa kipenyo huinua difu sentimita mbili na nusu. Basi kwa tope la Bahi urefu wa springi si dawa. Afadhali tairi lenye meno mazuri, chepeo, na dereva anayejua kusubiri.

Na nguvu peke yake si dawa pia. Kule Kongwa, kati ya mwaka 1947 na 1951, Waingereza walileta mitambo mikubwa ya kulima karanga, mengine yakiwa matrekta yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Ardhi ya kwetu ilikauka ikawa ngumu kama sakafu, ikala majembe yao, na mradi ukaachwa.

Upande wa Mvumi, kusini mashariki ya mji, shida ni nyingine. Unapita katikati ya mibuyu na mashamba ya uwele, kisha ghafla njia inashuka katika korongo lenye mchanga mtupu. Hapa tena wengi hudhani gari refu ndilo linalopita. Kinachosaidia ni kupunguza upepo wa matairi hadi kama 18 au 20 ili tairi litanuke juu ya mchanga, kisha kuujaza tena kabla ya kurudi kwenye barabara ngumu. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri hugharimu kidogo sana ukilinganisha na seti ya springi.

Korongo likiwa na maji, jihadharini sana. Mvua inaweza kunyesha mbali milimani, ninyi mko juani, na maji yakaja yakivuma. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kueleza gari dogo, na yakifika sentimita 60 yanaweza kusomba hata pikapu. Sentimita tano au kumi za springi haziondoi hatari hiyo. Tunachoogopa ni kwamba zinampa dereva ujasiri asiostahili kuwa nao, huku nyuma yake yupo mama mjamzito na ndugu zake.

Ni kaskazini, katika vilima vya Kondoa, ambako tuliona kazi halisi ya urefu. Nchi ile ilimomonyoka vibaya hata serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikahamishwa kutoka sehemu zilizoharibika zaidi. Miti imerudi mahali pengi, lakini makorongo yapo. Ukiacha lami kuelekea vijijini, au ukipanda kutazama michoro ya mapangoni ya Kolo, unakutana na ngazi za mawe na mitaro iliyochimbwa na maji katikati ya njia. Hapo pua ya gari hugonga wakati wa kushuka, na mkia hugonga wakati wa kupanda. Sentimita 5 za nyongeza zilitosha kabisa kwa kila mtaro tuliopima. Tulipima kwa utepe wa cherehani, na dereva alicheka mpaka akachoka.

Tulirudi mjini tukakaa na fundi. Huyu hakuwa na haraka ya kuuza. Alitueleza kwamba katika Hilux, kadiri mbele inavyonyanyuliwa ndivyo viungo vya shafti zinazozungusha magurudumu ya mbele vinavyopinda zaidi, na mipira yake huchanika mapema. Mipira ya breki hunyooka mpaka mwisho. Taa humulika machoni mwa wanaokuja. Pia katika pikapu nyingi iko fimbo ndogo ya chuma kati ya ekseli ya nyuma na valvu ya breki, ambayo hupima mzigo kwa kuangalia bodi imeshuka kiasi gani. Ukiinua bodi bila kuirekebisha, valvu hudhani gari halina kitu na kupunguza breki za nyuma, kumbe limejaa. Halafu gari refu hupinduka kwa urahisi zaidi kwenye kona. Inchi mbili, alisema, gari huzivumilia likifungwa vizuri. Inchi nne zinadai kubadilishwa vitu vingi, na kila kimoja kina bei yake.

Swali lililobaki lilikuwa ugumu wa springi, na hapa ndipo tulipozungumza kwa sauti kubwa kidogo. Seti nzuri, kama zile za Australia za Old Man Emu, huuzwa kwa kufuata uzito gari linaoubeba kila siku. Mwenzetu mmoja wa kamati alitaka zile nzito kabisa, kwa sababu wakati wa mavuno pikapu hubeba mahindi. Tulimwomba ahesabu. Mama mmoja mgonjwa, ndugu yake na muuguzi mmoja hawafiki uzito wa magunia matatu. Springi iliyotengenezwa kwa tani moja, ikibebeshwa watu watatu, haipindi kabisa. Inarusha. Aliyewahi kumshikilia mtu mwenye mguu uliovunjika, huku sindano ya dripu ikitaka kuchomoka mshipani kwa kila shimo, hahitaji maelezo zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo tulikataa shauri la kuongeza jani la springi kuukuu la lori, ingawa ndilo lililokuwa rahisi kuliko yote.

Mwisho tulimwomba mama mmoja wa kwaya, mwenye mimba ya miezi minane, apande garini mbele ya kamati nzima. Ilikuwa kabla ya kunyanyuliwa. Alishika mlango kwa mikono miwili, akainua goti, akashindwa, akasaidiwa. Baada ya hapo hakuna aliyetaja tena inchi nne.

Tulichagua inchi 2, springi za mzigo wa wastani, shokapu za urefu unaolingana nazo, na matairi ya kipimo kile kile cha mwanzo ila yenye meno zaidi. Fundi alirekebisha fimbo ya breki na taa, akapima mwelekeo wa magurudumu, akachomelea kikanyagio chini ya mlango wa abiria na kingine nyuma ya bodi. Tulimwarifu na mwenye bima. Fundi ametaka gari lirudi baada ya kilomita 1,000 akaze bolti zote, kwa kuwa springi mpya hujikalisha. Nyuma ya kiti cha dereva kuna kigoda cha miguu mitatu, ambacho akina mama hukanyaga kabla ya kufikia kikanyagio. Dereva haruhusiwi kukikalia.