Mbegu iliyolala na mbegu iliyokufa

Nimekuwa kimya tangu Februari. Leo nawaletea habari ya shamba badala ya programu. Vumilieni kidogo, mtaona uhusiano.

Nafanya kazi Kitale, mji uliotupa mahindi chotara H611 mwaka 1964. Mwaka jana nilinunua mbegu, nikaziweka stoo chini ya bati, nikazisahau. Machi nikazibeba kwa matatu hadi Bungoma, nikampa nyanya yangu. Kukhu akachukua punje kumi, akazifunga kwenye kitambaa chenye maji. Baada ya siku sita, tatu tu ndizo zilizoota.

"Mjukuu wangu, hizi nyingine hazijalala. Zimekufa."

Nikabisha. Laptopu iliyolala na iliyoharibika zote zina skrini nyeusi, utajuaje? Basi nikaenda kusoma.

Kumbe seli nyingi za kiini cha mbegu kavu zimesimama kabla ya kunakili DNA yake, na hazikuzimika ovyo. Mbegu inapokauka, jeni maalum hutengeneza protini za kuilinda. Maji yakiingia, kwanza DNA hukarabatiwa, ndipo inakiliwe na seli zigawanyike. Joto na unyevu wa stoo huharibu DNA pamoja na mafundi wake. Uharibifu ukizidi, hakuna kuamka.

Miili yetu nayo ina seli zilizolala, ingawa jeni zake ni nyingine. Mwaka 2008 Liqin Sang, Hilary Coller na James Roberts walionyesha kwamba katika seli za binadamu, jeni iitwayo HES1 huzuia usingizi usigeuke kuwa kusimama kwa kudumu. Yaani seli ikilala, bado kuna programu inayoendelea chinichini ikilinda njia ya kurudi!

Nilinunua mbegu nyingine na Kukhu akapanda kabla mvua haijatuacha. Bila zile punje kumi, tungepanda shamba zima na kungoja bure, na chakula cha mwaka kinatoka hapo.

Niliporudi Kitale nikajaribu kufungua nakala ya akiba ya kazi ya mteja, ambayo sikuwa nimeigusa mwaka mzima. Haikufunguka. Bahati nzuri kazi yenyewe ilikuwa bado ipo kwenye mashine.

Nanyi je, mlijaribu zenu lini? Fungeni punje kumi leo. Tuonane tena.