Raba Moja na Ankara ya Milioni Mbili

Kwa wiki tatu gari langu lilikuwa likigonga kila nilipokata kona taratibu au kupita kwenye mashimo. Sauti ilitoka karibu na magoti yangu, chini ya dashibodi. Nililipeleka kwenye gereji kubwa ya mjini, yenye mapokezi na kiyoyozi. Kompyuta ikaunganishwa, haikuonyesha hitilafu yoyote. Hata hivyo hukumu ikaandikwa: badilisha mfumo wote wa usukani wa umeme, shilingi 2,400,000. Kwa mhadhiri ambaye mwanawe anasubiri ada, hiyo ni zaidi ya ankara.

Nilikaribia kulipa. Kilichonizuia ni swali moja: kama kipimo hakikuona kitu, hukumu imetoka wapi?

Nikaenda gereji bubu, Tabata. Fundi alianza chini, akakagua tairodi na jointi, akaziondoa kwenye orodha ya watuhumiwa. Kisha akautikisa usukani kidogo kidogo, sikio likiwa chini ya dashibodi. Akanieleza kwamba usukani wa namna hii hautumii mafuta; mota ya umeme huizungusha gia iliyo kwenye mhimili wa usukani, na kati ya mota na gia hukaa raba ndogo. Raba ikilika, vyuma hugongana. Kompyuta husoma hitilafu za umeme, uchakavu wa raba haiusomi. Raba na ufundi wa nusu siku vilinigharimu shilingi 130,000. Kelele ikaisha.

Sisemi kila kelele ni raba. Usukani ukiwa mzito ghafla, au taa yake ya tahadhari ikiwaka, usisubiri. Huenda ni mota au kihisio, na hapo ni suala la uhai.

Lakini nimejiuliza ni ofisi ngapi za umma tunazozitibu kama gereji ile ya kwanza. Huduma inachelewa, tunanunua mfumo mpya; hakuna aliyeketi na karani kuuliza faili linakwama kwenye meza ya nani. Pengine tatizo ni saini moja ya mtu aliye likizo. Anayelipia kosa hilo ni mwananchi, naye haonyeshwi raba iliyolika.

Ndugu mtumishi wa umma, nawe mwanafunzi utakayeketi kesho kwenye kiti hicho: kabla ya kuidhinisha ankara, dai kwanza kuonyeshwa kilichoharibika.