Kimbunga cha Mafia, pamba ya Binza

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitangaza kwamba Kimbunga Hidaya kimepoteza nguvu baada ya kuingia nchi kavu katika kisiwa cha Mafia, na kwamba tishio lake kwa nchi yetu limekwisha. Tangazo lilikuwa sahihi. Siku zilizotangulia, boti za kwenda Unguja zilikuwa zimesimamishwa na wavuvi wametakiwa wasitoke. Madhara yalikuwapo, barabara ya kwenda Lindi ikakatika maeneo ya Somanga wilayani Kilwa, lakini hakuna aliyeweza kusema hakuambiwa. Kwa taasisi ambayo Aprili 2021 ilitaniwa kila kona kwa sababu Kimbunga Jobo kilififia kabla ya kuigusa Dar es Salaam, hiyo ilikuwa kazi ya kuheshimika. (Waliotania wakati ule hawakuwa na haki, kwa maana dhoruba iliyofia baharini haikuwa uongo wa aliyeionya.)

Nia yangu leo ni kuanzia pale tangazo lile lilipoishia. Mimi ni mtoto wa Binza, wilayani Maswa, na kwetu bahari ni rangi ya buluu kwenye ramani ya darasani. Kutoka Mafia hadi nyumbani ni zaidi ya kilomita 800. Siku ile Hidaya kilipokuwa bado kinakuja, mama mkubwa alinipigia simu kutoka kijijini, na baada ya salamu ndefu za kwetu akauliza swali moja.

“Mwanangu, hicho kimbunga cha redioni kina mvua ya huku?”

Nikaanza kumweleza kwamba upepo ule hauwezi kufika kwetu, kwa kuwa kimbunga kikiiacha bahari ya moto kinakosa chakula na kufa. Akanikatiza kwa upole wa watu wazima.

“Upepo sijauliza. Pamba imeanza kupasuka. Nivune hii iliyopasuka na watoto leo na kesho, au nisubiri ikomae yote nitafute vibarua?”

Msomaji ambaye hajalima pamba aelewe uzito wa swali hili. Pamba iliyokwisha kupasuka ikinyeshewa hupata madoa, na mbele ya mizani haiitwi tena safi, inaitwa fifi, na bei yake ni nyingine. Kuvuna mapema kwa papara nako ni hasara, maana vitumba visivyokomaa huchanganyika na vilivyo tayari. Wakati huohuo, dengu aliyoipanda mwishoni mwa masika kwenye udongo mweusi wa mbuga huishi kwa unyevu uliobaki ardhini, na mvua kubwa ikiikuta inaoza. Lakini mvua hiyohiyo ingeyafaa matuta ya viazi ambayo baadaye yangempa michembe ya kuhifadhi, na ingerudisha majani malishoni. Kwa hiyo ndani ya shamba la mama mmoja, mvua moja ya Mei ni adui wa mazao mawili na rafiki wa ng'ombe na viazi. Neno “juu ya wastani” halimwambii lolote mpaka mtu amsaidie kulipeleka kwenye udongo wake.

Je, swali lake lilikuwa la kijinga, kuhusisha dhoruba ya Mafia na anga la Maswa? Hata kidogo. Ni kweli kwamba sisi tulio karibu na ikweta hatupigwi na vimbunga, kwa sababu mzunguko wa dunia unaouviringisha upepo ni dhaifu mno katika latitudo zetu. Hata pwani yetu imepigwa mara chache za kukumbukwa: Unguja mwaka 1872, Lindi mwaka 1952, kisha Hidaya. Lakini kimbunga ni kama mgeni mkubwa aliyeketi katika nyumba ya jirani, kila mtu mtaani hubadili njia kwa ajili yake. Kikikaa mashariki mwa Madagaska, mara nyingi huvuta upepo kutoka magharibi, ukabeba unyevu wa misitu ya Kongo, ukavuka Ziwa Viktoria na kutunyeshea. Wataalamu wanahusisha na hali hiyo mvua kubwa za Machi 2018 nchini Kenya, wakati vimbunga Dumazile na Eliakim vilipokuwa baharini. Kikiingia mlango wa Msumbiji, kinaweza kutenda kinyume, kikajivutia unyevu upande wa kusini na kutuacha tukitazama mawingu yanayopita. Mwaka 2019, baada ya Idai kuiangamiza Beira mwezi Machi, na Kenneth kuipiga Cabo Delgado mwezi Aprili, masika ya Kenya ilisuasua na wakulima wakapanda wakakata tamaa.

Kwa maneno mengine, mama mkubwa aliuliza swali la kitaalamu kabisa. Kilichokosekana ni mtu wa kulijibu.

Taarifa ya mwelekeo wa msimu huiweka Kagera, Geita, Mwanza, Shinyanga, Simiyu na Mara katika fungu moja la Kanda ya Ziwa. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Meatu haifikii nusu yake. Kuziweka katika sentensi moja ni sawa na kutangaza kwamba familia fulani ina afya ya wastani wakati mmoja ni mnene na mwingine kitandani. Naelewa kwamba Mamlaka huandaa pia utabiri wa msimu wa ngazi ya wilaya, na naipongeza kwa hilo. Tatizo langu si sayansi ya Mamlaka. Tatizo langu ni safari ya karatasi ile kutoka ofisi ya wilaya hadi kwenye tuta. Hapo katikati ameketi ofisa ugani mmoja mwenye vijiji kadhaa, pengine na pikipiki isiyo na mafuta, na hakuna kifungu chochote cha tathmini yake kinachomuuliza: wakulima wako walijua nini, na walijua lini?

Mababu zetu walilitatua jambo hili kwa namna yao. Ntemi wa Kisukuma alibeba dhamana ya mvua. Walikuwapo wataalamu wa mvua chini yake, lakini lawama ilikuwa yake, na ukame ukizidi aliweza kuondolewa kitini. Sitamani turudi huko, na utawala wa machifu ulipofutwa mwaka 1963 sikuona, nikisoma historia, sababu ya kulia. Mtu kulaumiwa kwa mawingu ni dhuluma. Hata hivyo dhuluma ile ilikuwa na faida moja ambayo jamhuri yetu bado haijaipata: kila mtu alijua jina la anayepaswa kuulizwa. Leo mvua ikiharibu pamba, Mamlaka itasema ilitabiri, halmashauri itasema ilipeleka barua, na mkulima ataambiwa ajiongeze.

Mwezi Machi 2022 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alitangaza lengo la kila mtu duniani kufikiwa na onyo la mapema ndani ya miaka mitano. Ni lengo jema. Ila hofu yangu ni kwamba “kufikiwa” kutahesabiwa kwa ujumbe uliotumwa, na kwa hesabu hiyo mama mkubwa alishafikiwa tangu redio ilipotamka neno Hidaya. Alichokosa ni sentensi ya pili, ile inayofuata baada ya “kimbunga kimepoteza nguvu”: kwamba kwa wilaya yenu, katika siku tano hizi, uwezekano wa mvua ni huu, basi mwenye pamba iliyopasuka afanye hivi, na mwenye dengu mbugani asafishe mifereji.

Tena si jambo la mara moja kwa miaka mingi. Msimu wa vimbunga katika kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi huhesabiwa kuanzia Novemba hadi Aprili. Pamba ya Simiyu hupandwa kuanzia Novemba. Maisha yake yote, tangu mbegu hadi kitumba, hupita chini ya anga ambalo dhoruba za mbali zinaweza kulikoroga. Mkoa unaoongoza nchini kwa zao hili unastahili ofisa mmoja mwenye jina, ambaye kila dhoruba inapozaliwa huko baharini analazimika kutoa jibu la Simiyu kwa Kiswahili cha shambani, hata kama jibu lenyewe ni “haitatuhusu”.

Na mahali pa kulibandika papo tayari. Kila chama cha msingi kina ubao ukutani mwa ghala lake ambapo msimu wa ununuzi huandikwa bei ya kilo kwa chaki. Watu husimama pale kila asubuhi, wasiojua kusoma wakisomewa na watoto. Chini ya bei ile pana nafasi ya mistari miwili.